Ujumbe Usio na Jina Kwenye Kundi: Namna ya Kuupokea Bila Kuumiza Mtu

Kundi letu la WhatsApp la kina mama hapa Tanga lilianza 2019 tukiwa sitini na kitu, wengi wa Ngamiani na Makorora. Uadmini niliachiwa mimi kwa kuwa nilikuwa mkunga na watoto wa nusu yao niliwapokea kwa mikono hii. Tulikubaliana mambo mawili tu siku ya kwanza: hakuna kuuza vitu, na kila mtu aandike kwa jina lake na picha yake. Lile la pili nililisimamia mimi mwenyewe. Niliamini mtu mwenye nia njema hana haja ya kujificha.

Nilibadilika kwa ujumbe mmoja ulioingia inboksi kwangu karibu saa tano usiku. Nimepata ruhusa ya mwenyewe kuusimulia, na maneno nimeyageuza kidogo:

"Shikamoo mama. Naomba uniulizie kwenye kundi ila usiseme ni mimi. Tangu nijifungue mkojo unatoka wenyewe, sijui unatoka saa ngapi, nalala na kanga tatu. Baba watoto amehamia chumba kingine. Mama mkwe anasema nimerogwa. Mwezi wa sita huu."

Mwanamke huyu alikuwa ndani ya kundi muda wote huo. Kila siku alikuwa anasoma watu wakiulizana habari za uji wa mtoto na chanjo, naye yuko kimya, ana jibu lake mlangoni lakini njia ya kulifikia ni kujivua nguo mbele ya majirani. Sheria yangu ya majina ndiyo iliyomfunga mdomo miezi sita.

Niliandika upya nikaweka hivi: "Swali la mwenzetu. Tangu ajifungue mkojo unamtoka bila kujua, na imeshapita miezi. Anaambiwa karogwa. Kuna aliyepitia hili?" Haikupita robo saa, dada mmoja akajibu kwa jina lake na picha yake: "Mimi. Hiyo ni fistula, si uchawi. Nilikwenda hospitali ya CCBRT Dar nikashonwa bure, hata nauli nilitumiwa kwenye simu. Mwambie aje kwangu nimpeleke kwa balozi wao."

Alikuwa anasema kweli. Fistula ni tundu linalotokea kati ya kibofu na uke pale uchungu unapokuwa mrefu mno na kichwa cha mtoto kikabana nyama hadi zikafa. CCBRT wanaifanyia upasuaji bila malipo, na kwa miaka mingi wamekuwa na mabalozi mitaani na vijijini wanaotafuta wagonjwa, nauli ikitumwa kwa M-Pesa. Sisi wakunga tunayajua hayo. Lakini mimi mkunga sikuulizwa, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kuuliza.

Kwa hiyo anayeniuliza kama kundi liruhusu watu kusema bila jina, jibu langu ni ndiyo. Ila kuna namna ya kuruhusu, na mimi niliijua baada ya kukosea vibaya. Hilo nitalieleza kwanza, maana taratibu zote zilizobaki zimetokana nalo.

Nilipokosea

Baada ya lile swali la fistula niliufungua mlango wote. Nikatangaza: mwenye la kusema na hataki jina, aniletee, nitaliweka. Yakaja maswali mengi mazuri. Halafu ikaja hii: "Mweka hazina wa kikoba chetu hela za mwezi huu hazijafika benki. Watu wamuulize." Aliyeileta nilimjua, mtu mzima, mwanachama wa kikoba hichohicho. Nikaiweka kama ilivyo. Nilijiambia nami ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

Mweka hazina hakutajwa jina, lakini kikoba kile kilikuwa na mweka hazina mmoja na kundini tulikuwa wote tunamjua. Kufika jioni, watu walikuwa wameshaanza kumwandikia mafumbo. Kesho yake genge lake la mboga halikuwa na mteja. Siku ya tatu daftari likafunguliwa na hati ya benki ikaonekana: hela ziliingia, tarehe tu ndiyo iliyosomwa vibaya. Alijitoa kundini bila neno. Nilimfuata nyumbani, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwomba radhi. Alinipokea kwa heshima, akanipa chai. Kisha akaniuliza swali moja ambalo nimeishi nalo tangu siku ile: "Mama, yeye umemfichia jina. Mimi langu nani alinifichia?"

Hapo ndipo nilipoiona tofauti niliyokuwa siioni. Sisi watu wa pwani kusema bila kusema tumekuzwa nako. Kanga ni nini kama si hiyo? Tangu enzi za kanga za "mali ya Abdulla", yule mfanyabiashara wa Mombasa, mwanamke anachagua jina la kanga, anajitanda, anapita uani, na ujumbe umefika. Lakini tazama kanga inavyofanya kazi: msemaji anaonekana wazi, amejifunga maneno yake mwilini, na anayesemwa ndiye asiyetajwa. Barua ya majungu ni kinyume chake. Anayesemwa yuko hadharani, msemaji yuko gizani. Nilichokiweka kundini siku ile kilikuwa barua ya majungu, na mwandishi wa mwisho nilikuwa mimi.

Sheria moja inayobeba nyingine

Tangu hapo kundi letu lina sheria hii, imebandikwa juu kabisa: *Unaficha jina lako ukizungumza habari zako. Ukizungumza habari za mwenzako, jina lako linakuwepo, au habari haiwekwi.*

Ukiishika hiyo, asilimia kubwa ya ubishi kati ya maadmini inakwisha. Swali la ugonjwa, ndoa, hofu, deni, mtoto anayelowesha kitanda akiwa na miaka kumi: linaingia bila jina. "Mume wangu ananipiga, nifanye nini" linaingia, kwa sababu kipigo ni habari yake, na tunaliandika bila dalili yoyote ya kumtambulisha mume. "Jirani yangu wa nyumba ya tatu anapigwa na mumewe" haliingii. Hilo ninampigia simu aliyelileta tuone jirani atasaidiwaje, na kundi halihusiki.

Kuna watakaosema: sasa mnyonge atamsemaje mwenye nguvu? Mwalimu anayewashika wasichana, mhudumu anayedai hela ya huduma ya bure, kiongozi anayekula michango, hao ndio hasa wanaohitaji kusemwa na mtu asiyejulikana. Nakubali, na nalichukulia kwa uzito. Lakini kundi la WhatsApp haliwezi kuchunguza. Linaweza tu kuhukumu, na linahukumu kwa dakika kumi. Malalamiko ya namna hiyo tunayapeleka kunakochunguzwa. Jambo la mtoto, namba 116, ni bure kupiga. Rushwa, TAKUKURU kwa 113. Kipigo na ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mara nyingi mtu anaogopa kwenda peke yake, na hapo ndipo admini anapotakiwa kuinuka kwenye kiti amsindikize. Mimi nimekwenda dawatini mara nne. Kwa hela za kikoba, daftari linadaiwa kwenye kikao, na wanachama watatu wakiomba pamoja hakuna anayejulikana aliyeanza.

Ujumbe unavyopokelewa na kuandikwa upya

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa kuwa wanadhani kuficha jina ni kufuta jina.

Kwanza, usipige skrinishoti. Hata ukifunika jina kwa rangi, picha ya wasifu inabaki, saa inabaki, na wapo wanaojua kuongeza mwanga hadi kilichofunikwa kikasomeka. Ujumbe wa sauti usiurushe kamwe. Tanga hii sauti ya mtu ni sawa na sura yake. Uusikilize, uuandike.

Pili, andika kwa maneno yako. Kila mtu ana mwandiko wake hata kwenye simu. Kuna anayeandika "xaxa" na "cjui", kuna anayemaliza kila sentensi kwa nukta tatu, kuna anayesema "mwanangu wa mwisho huyu mtundu" na mtaa mzima unajua ni nani. Ukinakili neno kwa neno, mashoga zake watamtambua kabla hawajamaliza mstari wa kwanza.

Tatu, ondoa vitu vinavyomtambulisha, na usiondoe vinavyohitajika kumjibu. Hii ndiyo kazi yenyewe, na inataka kufikiri. Nikupe mfano niliouunda mwenyewe, ila hali zake nazifahamu. Tuseme umeletewa hivi:

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makorora, nina mapacha wa miezi mitatu, maziwa yamekauka titi la kushoto baada ya kufanyiwa upasuaji wa jipu Januari, nifanyeje?"

Makorora kuna walimu wangapi wenye mapacha wa miezi mitatu? Mmoja. Ualimu hauna kazi katika swali hili, uondoe. Makorora iondoe. Januari iwe "hivi karibuni". Mapacha je? Hapo pana mtihani, maana ushauri wa kunyonyesha mapacha ni tofauti. Unamrudia mwenyewe: "Nikitaja mapacha utajulikana. Niache au nitoe?" Aamue yeye. Kinachobaki: "Mwenzetu ananyonyesha, alipasuliwa jipu kwenye titi moja hivi karibuni, na titi hilo maziwa yamepungua. Afanyeje?" Swali limekamilika na mtu hayumo.

Nne, mrudishie mwenyewe asome kabla hujaweka. Namwandikia: "Nitaandika hivi. Ni sawa?" Nangoja aseme ndiyo. Asipojibu siweki, hata zikipita siku tatu. Nimeona watu wakijuta usiku na kutaka kurudisha neno asubuhi.

Tano, usiweke papo hapo. Mtu akionekana yuko hewani saa nne na dakika tano, na swali likatua saa nne na dakika saba, wapo watakaopiga hesabu. Sisi tunaweka maswali yote saa mbili usiku, yawe matatu au moja, na kila moja lina namba. Namba ina faida nyingine: anayejibu anaandika "kwa namba 41", na aliyeuliza anaweza kurudi kwangu na kusema "namba 41 anauliza zaidi" bila kutokeza.

La mwisho katika hili, na wengi hawalifikirii: simu ya aliyeuliza. Wanawake wengi simu zao zinasomwa nyumbani. Namwambia afute mazungumzo yetu, na mimi nafuta upande wangu, na nimewasha jumbe zinazojifuta kwenye inboksi ya kazi hii. Majina ya kundi nayo yaangalie. Kundi likiitwa "Wanaonyanyaswa Tuongee" hakuna atakayebaki nalo kwenye simu.

Fomu na Facebook

Kundi likiwa kubwa, inboksi ya mtu mmoja haitoshi. Tumejaribu fomu ya Google, na inafanya kazi vizuri kwa wale wasiotaka hata mimi niwajue. Angalia jambo moja kabla ya kuituma: kwenye mipangilio, sehemu ya kukusanya barua pepe iwe imezimwa. Ijaribu wewe mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, uone kinachokufikia. Ubaya wa fomu ni kwamba huwezi kumrudia mtu kumuuliza "mapacha niwataje?" Kwa hiyo vya fomu tunavikata zaidi.

Facebook yenyewe ina nafasi ya kuandika bila jina ndani ya kundi, admini akiiwasha. Kwetu tulipoiwasha, wanachama hawakuona jina lakini wasimamizi tuliliona. Waambie watu wako hilo waziwazi kabla hawajaandika. Kumwambia mtu "hakuna atakayekujua" huku maadmini watano wanamjua ni kumdanganya, na mmoja wa hao watano huenda ni wifi yake.

Jina nani alijue?

Kurasa za barua kwenye magazeti yetu zilikuwa na desturi nzuri: msomaji anaona "jina limehifadhiwa", lakini mhariri analo. Mtu hawezi kutukana akakimbia, na mnyonge hawekwi hadharani. Nilipoanza upya, ndiyo desturi niliyoifuata. Baadaye nikaona ina shimo: mhariri ana ofisi na wakili. Mimi nina simu na kabati.

Kuna waliolijaribu jambo hili kwa kiwango cha nchi. Korea Kusini waliweka sheria mwaka 2007 kwamba mitandao mikubwa ithibitishe utambulisho halisi wa kila anayeandika. Walitaka matusi yaishe. Julai 2011 wadukuzi wakaingia kwenye mitandao yao ya Nate na Cyworld, taarifa za watu wapatao milioni 35 zikaibwa, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria ile. Ghala la majina nalo ni hatari, hata likijengwa kwa nia njema.

Na hapa kwetu, Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwemo la kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Alipanda na kushuka mahakamani kwa miaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi njia ya kudai taarifa za mtumiaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaheshimu siri ya mtu. Admini wa kundi la mtaa hawezi kubeba mzigo wa Melo, na asiahidi kwamba ataubeba.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Jina linajulikana kwa watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye ni muuguzi, mpaka swali lijibiwe. Mtu wa pili ni wa lazima: ndiye anayenizuia nikiwa nimechoka au nimekasirika, na ndiye angenizuia siku ile ya mweka hazina. Swali likishajibiwa, ujumbe unafutwa na daftari linabaki na namba na mada tu. Kitu ambacho huna, hakiwezi kuibwa kwako wala kusomwa na mjukuu anayechezea simu. Isipokuwa ujumbe wa vitisho, au unaoonyesha mtoto anaumizwa. Huo usiufute. Uhifadhi ulivyo na upeleke panapohusika siku hiyohiyo, na mwambie aliyeuleta kwamba umeupeleka.

Majibu je?

Anayeuliza anaruhusiwa kujificha. Anayejibu haruhusiwi, isipokuwa naye anasimulia yaliyompata. Ushauri wa dawa kutoka kwa mtu asiyejulikana sijawahi kuuweka. Mtu akisema "tumia majani haya mimba ikikusumbua", lazima tujue ni nani, ili ikileta madhara kuwe na wa kuulizwa. Na wanaojibu kwa jina wanafanya kitu ambacho hakuna kanuni inayoweza kukifanya. Yule dada wa fistula alipoandika "Mimi", wengine wawili walijitokeza wiki ileile, wakiwa na majina yao.

Kuchungulia ndilo kosa lenye adhabu kubwa kuliko yote kwetu. Anayeandika "mi najua huyu ni nani" hata kwa utani, anaondolewa hapohapo, hapewi onyo. Tumeshawaondoa watatu, mmoja wao binti wa dada yangu. Alinuna hadi Idi. Sikumrudisha, kwa sababu jioni ile watu wawili waliokuwa wameleta maswali waliyaondoa.

Ukikabidhi uadmini

Laini ya kazi iwe tofauti na laini yako ya nyumbani. Yetu iko kwenye simu ndogo ya pili yenye namba ya siri, na haina namba ya ndugu hata mmoja. Mwaka huu mwenzangu amehamia Korogwe na tumechagua mwingine. Kabla ya kumkabidhi tulikaa sote watatu barazani kwangu: tukafungua inboksi, tukapitia mazungumzo moja moja, yaliyojibiwa tukafuta, na yaliyokuwa bado, manne, tukawaandikia wenyewe: "Kuanzia Jumatatu mwingine ataona ujumbe wako, ni fulani. Unakubali, au tufute?" Watatu walikubali. Mmoja akasema tufute. Tukafuta, nikafuta na nakala iliyohifadhiwa kwenye akaunti, kisha ndipo nikamkabidhi simu.